Mchagua Jembe Si Mkulima? Mpiga Solo na Gita Lake

Wahenga walilonga kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkemea mtu anayetafuta kisingizio: mvua imenyesha, wenzake wamekwisha kuingia shambani, naye angali anapima mipini. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, nimeisikia methali hii ikitumiwa mahali isipostahili, yaani katika mazungumzo kuhusu wanamuziki na ala zao, na nimeisikia zaidi miongoni mwetu sisi wanafunzi wa fasihi. Tunaposema kwamba fundi ni mkono na kwamba gita ni gita tu, tunafanya makosa mawili. Kwanza, tunampotosha kijana anayetaka kujifunza kupiga gita la solo. Pili, tunajinyima nusu ya matini tunayodai kuihakiki. Makala haya yananuia kuyaeleza makosa hayo mawili, nami nitaanza na lile lililonigharimu fedha.

Nilipokuwa katika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nilijiunga na bendi ndogo ya mtaani iliyokuwa ikipiga nyimbo za zamani katika harusi na hafla za michango. Bendi ilikuwa na mpiga besi, mpiga ridhimu, mpiga ngoma na waimbaji wawili, ila ilikosa mpiga solo. Nilikuwa nimejifunza kwa gita kavu la kuazima, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi kiasi cha kunitia kiburi. Nilidunduliza pesa kwa miezi mingi, nikaenda mjini na kununua gita la umeme lililonipendeza machoni. Lilikuwa zito, lenye mng'aro wa rangi ya damu ya mzee, na lilifanana na lile nililoliona mikononi mwa mpiga roki mmoja kwenye bango. Sikumuuliza mtu swali lolote. Muuzaji naye hakuniuliza napiga muziki gani.

Jumamosi ya kwanza jukwaani ilinifunza adabu. Tulipofika ile sehemu ambapo waimbaji hunyamaza na kumwachia mpiga solo uwanja, nilipiga kila nilichokijua, lakini hakuna aliyenisikia. Sauti ya gita langu ilikuwa nene, nayo ilitumbukia katikati ya besi na ridhimu kama jiwe kisimani. Niliongeza sauti kwenye amplifaya. Badala ya kusikika vyema, gita likaanza kukwaruza. Baada ya tafrija, mpiga ridhimu wetu, mtu wa makamo ambaye sote tulimwita Mzee, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, vidole vyako vinasema maneno mazuri, lakini gita lako linayatamka likiwa na tonge la ugali mdomoni." Kisha akanipa gita lake la akiba, jembamba, lililochubuka rangi na kufungwa utepe. Nikaurudia wimbo uleule kwa mkono uleule. Kila noti ilitoka peke yake, kavu na angavu kama punje za mahindi zinazodondoka kwenye sinia. Siku hiyo nilianza kuitilia shaka ile methali.

Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho? Jibu linaanzia kwenye kazi ya solo yenyewe. Katika benga na katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, magita hugawana majukumu kama watu wa nyumba moja. Besi hubeba uzito wa chini, ridhimu hushikilia mwendo, na solo huzungumza. Katika bendi nyingi huwapo pia gita la nne, ambalo Wakongo huliita mi-solo, linalosimama kati ya ridhimu na solo. Mpiga solo humjibu mwimbaji mwishoni mwa mshororo, humkatiza, humkejeli, na hatimaye hushika usukani wa wimbo mzima. Wataalamu wengi wamehusisha upigaji huu wa benga na nyatiti ya Waluo, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji wake huimba huku akidonoa nyuzi na kugonga ukingo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu. Sauti ya nyatiti haidumu hewani. Hupigwa, ikasikika, ikafa, ikaipisha nyingine. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati nchini Tanzania na kuiongoza Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka wa 2006, alijenga upigaji wake juu ya mkondo huo wa noti fupi zinazokimbizana. Mpigaji wa namna hii anahitaji gita linaloanza kusema mara tu uzi unapoguswa, na linalonyamaza upesi.

Mpiga solo wa bluzi au roki ana haja nyingine kabisa. Yeye hupiga noti moja, akauvuta uzi pembeni hadi sauti ipande, akaitetemesha, akaiacha ilie. B.B. King wa Marekani alijulikana kwa noti chache zenye kilio kirefu, wala si kwa wingi wa noti. Gita linalomfaa mtu kama huyo ni lile linaloshikilia sauti kwa muda mrefu. Basi ukimpa mpiga benga gita la mpiga bluzi, umemvika mwanariadha kanzu. Si kwamba kanzu ni vazi baya, bali haikushonwa kwa ajili ya mbio.

Tuingie ndani ya ala yenyewe. Jambo la kwanza la kuangalia ni kile kidude cha sumaku kilichofungwa chini ya nyuzi, ambacho mafundi wetu hukiita pikapu. Kwa kuwa neno hilo limekwisha kutwaliwa na gari la mizigo, hapa nitakiita kinasa-mtetemo, au kinasa kwa ufupi. Sumaku huzungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, umeme mdogo huzaliwa katika waya huo na kupelekwa kwenye amplifaya. Kinasa cha koili moja hutoa sauti angavu, yenye makali ya mwanzo. Ndicho kilichotumika katika Telecaster, gita ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka wa 1950 chini ya jina Broadcaster kabla ya kulibadilisha jina mwaka wa 1951, na katika Stratocaster ya mwaka wa 1954 yenye vinasa vitatu.

Kinasa cha koili moja kina aibu yake: hunasa pia mvumo wa umeme ulioko hewani. Yeyote aliyepiga muziki katika ukumbi wenye nyaya mbovu anaujua mvumo huo unaokaa nyuma ya kila noti kama mbu chandaruani. Ili kuuondoa, Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, alibuni katika miaka ya 1950 kinasa chenye koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo wa moja uufute mvumo wa nyingine huku sauti ya nyuzi ikibaki. Kinasa hicho kilianza kuwekwa katika gita la Les Paul mwaka wa 1957. Sauti yake ni nene na yenye nguvu, na huisukuma amplifaya hadi ikaanza kukwaruza kwa namna inayopendwa na wapiga roki. Gita langu jekundu lilikuwa na vinasa viwili vya aina hii. Nilikuwa nimenunua unene pale palipohitajika wembamba.

Jambo la pili ni urefu wa uzi, yaani umbali kati ya daraja lililo tumboni mwa gita na kile kipande chenye mifuo kilicho mwishoni mwa shingo. Katika magita ya Fender niliyoyataja umbali huu ni takribani sentimita 65. Katika Les Paul ni takribani sentimita 63. Sentimita mbili ni kitu gani? Kwa vidole, ni jambo kubwa. Uzi mrefu huhitaji kukazwa zaidi ili ufikie sauti ileile, na uzi uliokazwa huruka upesi chini ya kidole na kuipa noti ncha kali. Uzi mfupi hulegea kidogo, hivyo ni rahisi kuuvuta pembeni. Anayedonoa atafurahia wa kwanza, na anayevuta atafurahia wa pili.

Jambo la tatu ni umbo. Mpiga solo wa benga na wa dansi huishi sehemu ya juu ya shingo, karibu na kiwiliwili, ambako sauti ni nyembamba. Stratocaster imekatwa pande zote mbili mahali hapo, mkono ukafika bila kugombana na mbao. Les Paul imekatwa upande mmoja tu, nayo shingo imeunganishwa kwa gundi kwenye kitako kinene. Tena uzito wake aghalabu hupita kilo 4. Mtu anayepiga nyimbo tatu kisha akaketi hatalalamika, lakini anayekesha jukwaani hadi majogoo atayajua mabega yake. Kuna pia magita yenye uwazi ndani, kama ES-335 ya mwaka wa 1958, yenye sauti pana na ya upole. Haya nayo yana tabia ya kupiga mayowe yakisimamishwa karibu na spika kubwa, kwa kuwa sauti ya spika huitetemesha mbao, nayo mbao huirudisha sauti kwenye kinasa. Ndiyo sababu gita maalumu ambalo Gibson ilimtengenezea B.B. King mwaka wa 1980, likaitwa Lucille kwa jina alilokuwa akiyapa magita yake, halina yale matundu ya juu yaliyozoeleka katika jamii hiyo ya magita.

Nadhani kufikia hapa msomaji wa jarida hili ameanza kusikia mwangwi wa jambo analolijua. Sisi tuliosoma arudhi hatushangai tukiambiwa kwamba umbo lina tabia yake. Mwana Kupona alipotaka kumwachia bintiye wasia mnamo mwaka wa 1858, alichagua utenzi, bahari ya mizani nane kwa mshororo, inayokwenda polepole na kubeba masimulizi na mawaidha marefu bila kuchosha. Muyaka bin Haji, katika majibizano ya Mombasa, aliegemea shairi la mishororo minne yenye mizani kumi na sita, ambamo hoja hujengwa, hupinduliwa na kufungwa kabla mpinzani hajavuta pumzi. Hakuna mhadhiri anayemwambia mwanafunzi kwamba bahari ni bahari tu, muhimu ni kipaji. Tunamfunza kuuliza: je, umbo hili linaibeba sauti hii? Swali hilohilo ndilo mpiga solo anapaswa kuliuliza mbele ya duka la magita. Namshauri asianze na bei wala jina lililoandikwa kichwani mwa gita. Aanze na mkono wake: je, ninadonoa au ninavuta? Ninataka noti ife upesi au idumu? Nitasimama kati ya ala ngapi, na nafasi ipi ya sauti imebaki wazi kwa ajili yangu? Akiyajibu maswali hayo, nusu ya magita yaliyoning'inizwa ukutani yatajiondoa yenyewe.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba mkono wa fundi hushinda chombo. Jimi Hendrix, aliyetumia mkono wa kushoto, aliigeuza juu chini Stratocaster ya watu wa mkono wa kulia, na kwa vinasa vya koili moja akatoa mikwaruzo na vilio ambavyo waliolibuni gita hilo hawakuvikusudia. Katika muziki wa Kongo, Franco Luambo wa OK Jazz na Nico Kasanda, aliyetokea African Jazz na kuwa nguzo ya African Fiesta, wanatofautishwa na wasikilizaji kwa mkono kabla ya kitu kingine chochote: Franco na noti zake za jozi zinazorudiwarudiwa kwa ukali, Nico na mtiririko wake laini wenye mpangilio. Nakubali kabisa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini hoja hii inaniunga mkono zaidi kuliko inavyonipinga. Hendrix hakufanikiwa kwa sababu chombo hakikuwa na maana; alifanikiwa kwa sababu alikijua chombo chake hadi mipaka yake, akajua mahali pa kuivunja. Hata washairi wa mashairi huru katika mgogoro wa miaka ya 1970 waliotuzidi hoja ni wale walioijua arudhi waliyoiacha. Anayevunja kanuni asiyoijua hajavunja kitu, amejikwaa tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu mfuko. Mwanafunzi wa Kenya anayeishi kwa mkopo atapata wapi anasa ya kuchagua? Hapa ndipo ile methali humwuma mtu. Jibu langu ni kwamba kuchagua si kununua ghali. Gita langu jekundu lilikuwa ghali kuliko lile la Mzee lililofungwa utepe, na bado lilishindwa. Gita la bei nafuu lenye kinasa kinachofaa, likafungwa nyuzi mpya na daraja lake likarekebishwa ili nyuzi zisikae juu mno, litamhudumia mpigaji kuliko jina kubwa lisilomfaa. Maskini ndiye anayehitaji kuchagua kwa makini kuliko wote, kwa sababu hana pesa za kukosea mara mbili. Tajiri akikosea huongeza gita ukutani. Sisi tukikosea hutuchukua miaka kupata jingine. Mkulima mwenye jembe moja tu ndiye anayepaswa kujua kama shamba lake ni la mfinyanzi au la kichanga.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike katika jarida hili badala ya kuyaacha maneno haya kwenye chumba cha mazoezi. Nilipowasilisha wazo la tasnifu kuhusu nyimbo za dansi za Kiswahili, nilitaja kwamba ningependa kuchunguza jinsi gita la solo linavyojenga maana. Swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: gita lina nini na fasihi ya Kiswahili? Swali hilo halikuwa la dharau, bali lilitokana na mazoea yetu. Tumezoea kuuandika wimbo kama maneno, kuyapanga katika beti, kutafuta tashbihi na jazanda, kisha kumalizia na sentensi moja kwamba wimbo huu huambatana na ala.

Hebu tumfikirie Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka wa 1944 na kufariki katika ajali ya gari Mombasa mwaka wa 1979. Huyu alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, kwanza katika Morogoro Jazz na baadaye, kuanzia mwaka wa 1973, katika Super Volcano. Yule aliyeandika maneno ndiye aliyeyajibu kwa nyuzi. Unapoyanukuu maneno yake na kuuacha mkono wake, umemnukuu mtu aliyekatizwa kila baada ya sentensi moja. Isitoshe, nyimbo nyingi za enzi hiyo zilitolewa kwenye sahani ndogo za santuri na kugawanywa pande mbili. Mara nyingi upande wa pili ulikuwa uwanja wa magita kuliko wa waimbaji. Mhakiki anayehesabu maneno peke yake atauona upande huo kama ukurasa mtupu. Msikilizaji aliyekuwa ukumbini angemcheka, kwa maana hapo ndipo watu walipoinuka kucheza.

Siwatarajii wanafunzi wote wa fasihi wawe wapiga gita. Ninachopendekeza ni mambo mawili yanayowezekana. Kwanza, tuwe na msamiati. Nimelazimika katika makala haya kueleza kwa sentensi nzima vitu ambavyo fundi wa mtaani huvitaja kwa neno moja. Wanamuziki wetu wana maneno: wanasema kucharaza, kukung'uta, kudonoa, gita kavu, solo, ridhimu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuyakusanya, kuyapanga na kuyajadili kabla hatujakimbilia kubuni istilahi ambazo hakuna mpigaji atakayezitumia. Hata hicho "kinasa-mtetemo" changu nakileta kama ombi, tayari kukiacha iwapo wenye ala wana neno bora.

Pili, tuwaendee wazee wangali hai. Fundi Konde, anayetajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme, alituacha mwaka wa 2000. Daudi Kabaka alimfuata mwaka wa 2001. Kila mmoja wao alikuwa na sababu za kushika gita alilolishika na kulipiga alivyolipiga, na sababu hizo hazipatikani katika maneno ya nyimbo zao. Wapo wengine katika mitaa yetu ambao bado wanaweza kuulizwa.

Alhasili, gita langu jekundu nililiuza kwa hasara. Aliyelinunua alikuwa kijana wa kwaya aliyependa noti ndefu za kusindikiza maombi, na nilipomsikia akilipiga nilitambua kwamba halikuwa gita baya hata siku moja. Lilikuwa gita la mtu mwingine. Mzee naye aliniachia lile lake la utepe kwa malipo ya pole pole, akasema nisilibadilishe hadi mkono wangu utakaponiambia. Wahenga wana haki yao: anayechagua jembe hadi mvua ikapita si mkulima. Lakini asiyelitazama jembe kabisa kabla ya kuingia shambani naye simwiti mkulima, na mhakiki anayelisifu shamba bila kuuliza lililimwa kwa nini, bado hajakamilisha kazi yake.